Hita ya Chumbani Kwetu Haikuharibika

Mapendo,

Hita ya chumbani kwetu haikuharibika. Niliizima mimi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katikati ya Januari. Wewe ulikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto, na Mama alikuwa amelala baada ya zamu yake ya usiku. Nilifungua lile sanduku la umeme nyuma ya mlango wa korido, nikatafuta swichi yenye kikaratasi kilichoandikwa chumba cha pili, nikaisukuma. Ililia kidogo tu, kama kidole kinapovutwa kikalia. Kisha nikafunga sanduku na kurudi kwenye kitabu changu. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Hata kwenye sala sijaisema, kwa sababu nyumbani kwetu tunasali kwa sauti, na wewe unalala kitanda cha pili.

Naandika nikiwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Nguo zako zinazunguka kwenye mashine ya kukaushia. Zote, hata soksi. Majira yote ya baridi nilikataa kulipia mashine hii, nikaanika kila kitu ndani ya nyumba, juu ya milango na migongo ya viti. Leo ndiyo nimeona umuhimu wa kukupa nguo kavu, siku moja kabla hujaondoka. Kesho baada ya ibada Shangazi Jozefina atakuja na gari lake akupeleke kwake Brampton, na watu wote wamekubaliana kwamba unaondoka kwa sababu Mama alishindwa kukutunza kwenye baridi. Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba si kweli. Nina hasira mpaka mwandiko wangu umeharibika. Utanivumilia.

Sitakuandikia habari za pampu yako ya pumu, Shangazi amepewa karatasi hospitalini. Wala habari za nywele, wala kazi za shule. Hayo wengine watakuambia mpaka uchoke.

Labda utasema mimi ni nani wa kukuandikia barua kama mzazi. Nina miaka kumi na saba na wewe kumi na mmoja. Lakini Mama alipoanza kazi ya usiku kwenye ile nyumba ya kutunza wazee, wewe ulikuwa na minne na mimi kumi, na kuanzia hapo aliyekuogesha, aliyekusuka na aliyetia sahihi kwenye daftari lako kwa kuiga mkono wa Mama ni mimi. Kanisani ukianguka wanawake hawamwiti Mama. Wanasema, "Nabintu, mtoto wako huyo!" nao wanacheka, na mimi nakimbia. Basi, mtoto wangu, soma. Soma polepole, kwa sauti kama unataka, najua unaelewa kila neno hata kama kila siku unanijibu kwa Kiingereza. Sikutaka kukuandikia kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza nimeisemea familia hii uongo mwingi mno.

Unakumbuka tulipohamia hapa Weston? Kule North York tuliishi besimenti, chini ya ardhi, na joto lilishikwa na mwenye nyumba huko juu. Akisikia baridi yeye, nasi tunapata joto. Akienda safari, tunavaa makoti mezani. Hapa ulipoingia chumbani ulipiga kelele neno moja tu, "Dirisha!" ukaweka mto wako kwenye kitanda cha chini ya dirisha kabla mtu hajakigusa. Ulitaka kuuona mto Humber ukiwa umelala. Sikukukatalia. Na mimi nilifurahi kwamba kila chumba kina hita yake, ukutani, karibu na sakafu, na kidude chake cha kuzungusha.

Hatukujua kwamba hita hizo ni za umeme na umeme ni wetu wenyewe kulipa. Mama alitia sahihi karatasi zote mbele yangu. Mimi ndiye niliyezisoma. Sentensi ile niliiona, ilisema mpangaji atawajibika na haidro, kama watu wa hapa wanavyouita umeme, na nilidhani ni bili ya taa. Hilo ni kosa langu la kwanza, na ndilo pekee ninalojisamehe.

Bili ya Desemba ilipokuja Mama aliifungua akiwa bado na koti. Aliisoma amesimama, kisha akakaa sakafuni, pale pale mlangoni, na viatu vyake vyenye theluji.

"Nabintu, hebu soma wewe. Labda mimi nimeongeza sifuri."

Nikasoma. Hakuwa ameongeza.

"Bon," alisema. "Tutarudi besimenti."

Ukalia. Ulilia ukiwa umeshika kingo ya dirisha kama mtu anayetaka kuling'oa aondoke nalo. Mimi sikulia, niliamua. Kesho yake nilikwenda maktaba nikarudi na vitabu vitatu vya kuokoa joto nyumbani, nikavisoma vyote kwa siku mbili, na kuandika pembeni kwa penseli, jambo ambalo haliruhusiwi.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwa msaidizi wangu. Tulibandika plastiki kwenye madirisha yote, wewe ukishika pembe, mimi nikiipuliza kwa mashine ya Mama ya kukaushia nywele mpaka ikajinyoosha kama ngozi ya ngoma. Ulisema tunaishi ndani ya mfuko wa mkate. Tulikunja mataulo tukayalaza chini ya milango. Nilikataza sombe isipikwe kabla ya saa moja jioni, saa ambayo umeme unashuka bei, na sombe ni mboga ya kuchemka saa nyingi, kwa hiyo tulikula usiku na nyumba nzima ilijaa mvuke. Mama alisema, "Huyu sasa ni serikali." Lakini alitii.

Na bili ikashuka. Nitakuambia ukweli: siku ile ilikuwa siku ya furaha kuliko zote nilizowahi kuwa nazo nchini hapa. Mama alisimama kanisani wakati wa matangazo akasema, "Huyu mtoto wangu ana akili ya injinia. Njooni awafundishe." Nao walikuja! Mimi ambaye kwenye lifti naangalia namba za ghorofa ili nisisalimiane na mtu, nilisimama katikati ya kina mama kumi nikieleza plastiki inakatwaje. "Injinia, kwangu utakuja lini?" "Injinia, mimi dirisha langu linapiga filimbi!" Nilirudi nyumbani sigusi ardhi.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu inapoanza. Nilizima hita yetu kwa ajili ya kusifiwa. Bili ilikuwa imeshashuka, Mama alikuwa ameshasema tutabaki, hakuna aliyeniomba zaidi. Nilitaka ishuke tena ili Mama asimame tena kanisani. Ningeweza kukuambia kwamba nilifanya kwa ajili ya familia, na ungeniamini, na mwenyewe nilijiamini kwa wiki kadhaa.

Baada ya kuizima nilijipima mimi peke yangu. Nililala usiku tatu na blanketi mbili na soksi za sufu, nikaweza. Nikasema kama mimi naweza, na Mapendo ataweza. Sikufikiri kwamba kitanda changu kiko ukutani kwa Mama na chako kiko chini ya dirisha. Sikufikiri kwamba mimi nina kilo hamsini na tisa na wewe unabebwa na upepo. Nilichukua mwili wangu nikaufanya rula.

Wiki moja baadaye Mama aliingia kukuamsha akashika ukuta.

"Mbona chumba chenu kiko kama friji?"

"Hita imeharibika," nilisema.

"Mpigie msimamizi."

"Nimeshampigia. Atakuja."

Kwa urahisi huo. Na Mama hakuuliza zaidi, kwa sababu tangu tufike nchini hapa anayepiga simu ni mimi. Daktari, shule, benki, kampuni ya simu, wote wanajua sauti yangu, wanadhani ni ya mwanamke wa miaka arobaini. Nachukia simu. Kabla ya kupiga huwa naandika maneno yote kwenye karatasi, na bado jasho linanitoka. Mama hajui hilo pia. Hajawahi kuniuliza kama napenda kuwa mdomo wake, na mimi sijawahi kusema sipendi, na nina hasira naye kwa hilo, ijapokuwa najua hana mdomo mwingine. Niandike hivyo hivyo, sitafuti namna ya kulipamba.

Kisha ikaja ile Ijumaa jioni ya ukumbi wa kuingilia. Ulikuwepo, umeshika mfuko wa mihogo, lakini ulikuwa unacheza na mlango wa vioo, sidhani kama ulisikiliza. Tulimkuta Bwana Desmond, msimamizi, anafuta maji ya theluji sakafuni. Mama alimwendea moja kwa moja.

"Mwambie," Mama alisema, "mwambie watoto wangu wanalala kwenye barafu wiki ya tatu sasa, na yeye anafuta sakafu!"

Nikamwambia Bwana Desmond, kwa Kiingereza, kwamba mama anauliza kuhusu hita.

Aliweka ufagio ukutani. Alisema hajapata habari yoyote kutoka kwetu. Alisema pole. Alisema kesho saa tatu asubuhi atakuja na vifaa vyake, mapema, kabla ya kazi nyingine.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

Walikuwa watu sita au saba pale, wanasubiri lifti. Nilihisi uso unaniwaka.

"Anasema ana kazi nyingi. Atakuja akipata nafasi."

Mama akapandisha sauti. Alimwambia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza chake cha maneno ishirini, kwamba kama watoto wangekuwa wake wangeshapata joto. Kwamba anatuona sisi si watu. Yule mzee alinitazama mimi, Mapendo. Hakumtazama Mama. Alikuwa hajui lugha yetu, lakini alikuwa anajua alichosema yeye mwenyewe, na alijua hakiwezi kumfanya mwanamke apige kelele hivyo. Alichukua ufagio wake.

Kesho yake saa tatu kamili alibisha hodi. Mama alikuwa amelala. Nilifungua mlango kiasi cha uso wangu tu.

"Imeshapona," nilimwambia. "Asante."

"Imepona yenyewe?"

"Ndiyo."

"Na madirisha? Watu wa upande huu wananiambia yanapitisha upepo. Nikiingia nikayaona nitayaandika, kampuni inataka iandikiwe."

"Hayana shida," nilisema, nikafunga.

Nimelirudia jibu hilo kichwani kuliko uongo mwingine wote. Madirisha yale ni ya zamani kuliko Mama. Wanaolimiliki jengo hili wanakaa mahali ambapo hatutapaona, wametuachia sisi bili ya joto na wao wamebaki na madirisha yanayolitoa joto hilo nje, na mtu akilalamika wanasema hakuna aliyelalamika. Nina hasira nao, ndiyo. Mlezi wako amepigana na umeme wa nyumba nzima kwa taulo na plastiki wakati tundu lenyewe ni la kwao. Lakini wakisema hakuna aliyelalamika kutoka nyumba yetu, hawadanganyi. Mtu alikuja mlangoni na kalamu, nikamfukuza, kwa sababu angeingia angeshika hita na kujua.

Nina hasira na vile vitabu pia. Vinasema punguza joto kidogo, utazoea, vaa sweta. Vimeandikwa kwa mtu mwenye nyumba ya moto kupita kiasi, anayetembea ndani na kaptura mwezi wa Februari. Huyo apunguze. Sisi tulikuwa tunapunguza kutoka wapi? Hakuna ukurasa unaosema kuna mahali pa kuacha. Na kama ulikuwepo, niliuruka, kwa sababu nilikuwa natafuta kurasa za kupunguza tu.

Lakini ukurasa mmoja niliuona na sikuuruka. Ulisema nyumba iliyofungwa kabisa, yenye mvuke ndani na kuta za baridi, itaota kuvu. Niliusoma mara mbili. Mwezi wa Februari nilivuta kitanda chako ili nifagie, nikaona ukuta nyuma yake una madoa meusi kuanzia sakafuni mpaka usawa wa mto wako. Mvuke wa sombe yangu, maji ya nguo zangu, ukuta wa hita yangu iliyozimwa. Nilijua ni nini. Nilichanganya dawa ya kusafishia choo na maji nikasugua mpaka vidole vikaungua, nikarudisha kitanda pale pale. Pale pale, Mapendo. Usiku ule ulikohoa ukanigeukia ukasema kwa Kiingereza kwamba mto wako unanuka bwawa la kuogelea. Nikakuambia ulale.

Ulikohoa wiki mbili. Nilikupa tangawizi.

Siku ya shambulio la pumu uliondoka nyumbani ukisema kifua kimebana, nikakufunga skafu vizuri zaidi. Kengele ya kipindi cha kemia ilikuwa haijalia nilipoitwa ofisini. Walimu wako walikuwa wamempigia Mama simu hakusikia, amelala, namba ya pili ilikuwa yangu. Nilikuta wamekukalisha kwenye kiti kwenye korido ya hospitali na kile kitu cha plastiki usoni. Ulinipungia mkono. Ukanionyesha dole gumba. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia mimi kwa kile kidole chako.

Mama alipofika muuguzi aliuliza, kwa upole, kama nyumbani kuna joto la kutosha. Nilitafsiri swali sawasawa.

"Mwambie hita ya watoto imeharibika," Mama alisema, analia, "na msimamizi anakataa kuitengeneza."

Nikatafsiri na hilo sawasawa. Muuguzi akaandika.

Jumapili iliyofuata ndipo kikao kilipokuja. Wewe ulikuwa chumbani kwa Mama na katuni, mlango umefungwa, kwa hiyo nitakueleza, kwa sababu kilikuwa kikao juu yako. Shangazi alikuja na mumewe na mzee mmoja wa kanisa. Unajua kwetu dada ya baba ana neno lake kwa watoto wa kaka yake, na zaidi kama kaka ameshafariki. Mama alivaa kitenge chake kizuri kama mtu anayekwenda mahakamani. Mimi nilipika chai. Msichana anayepika chai haulizwi kitu, na niliutumia vizuri ukimya huo, nilikwenda jikoni mara nyingi kuliko vikombe vilivyokuwepo.

Shangazi hakuvua koti. Aligusa plastiki ya dirisha kwa kidole.

"Mama Nabintu, nyumba hii mmeifunga kama nyama ya dukani."

"Ni ya kuzuia upepo, wifi. Nabintu ndiye aliyeibandika."

"Nabintu ni mtoto. Mimi nakuuliza wewe." Akakaa. "Kwangu kuna tanuru ya gesi ya kupasha nyumba nzima. Watoto wangu wanatembea peku mwezi wa pili, wanaomba barafu ya kulamba! Na mtoto wa kaka yangu analazwa kwa baridi ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba, jamani. Tulikimbia vita tukalala msituni, na hakuna aliyelazwa."

"Nilimwambia yule mzee wa chini mara ngapi..."

"Mara ngapi?"

Mama aligeuka akanitazama mimi niliyesimama na sinia. "Nabintu, ulimpigia mara ngapi?"

Ilikuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, nilitakiwa kupita tu. Mzee wa kanisa aliniangalia, hata akatabasamu ili kunipa moyo, anajua mimi ni mwoga.

"Nyingi," nilisema.

Shangazi akashusha pumzi. "Mara nyingi haitoshi kwa mama. Mama angekwenda kulala mlangoni kwa huyo mtu."

Wewe unamjua Mama, hamwachii mtu yeyote neno la mwisho, hata dereva wa basi. Siku ile aliinamisha kichwa akaanza kukunja ukingo wa kitenge, kukunja na kukunjua. Aliamini maneno yale. Anaamini mpaka sasa. Wakakubaliana uende Brampton, na hakuna aliyetaja ni mpaka lini.

Ulipoambiwa, hukulia kama ulivyolilia besimenti. Uliniuliza mimi, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu uliuliza kwa Kiswahili, "Yaya, Mama alichoka na mimi?"

Yaya wako, dada yako mkubwa, ambaye angeweza kujibu kwa sentensi moja, alisema, "Hapana, usifikiri hivyo." Akaishia hapo.

Hii hapa ile sentensi. Mama hakujua. Mama hakuchoka na wewe hata siku moja. Mama alikuwa na mtu mmoja anayemtegemea amwambie ukweli kwa lugha zote mbili, na mtu huyo alimdanganya kwa lugha zote mbili.

Nilitaka kukupa ushauri na naona sina mkubwa. Nina huu mdogo. Kwa Shangazi ukisikia baridi, sema. Ukisikia njaa, sema. Wataanza kukusifu kwamba wewe ni mtoto asiyesumbua, na utaona jinsi sifa hiyo ilivyo tamu, utataka kupunguza usumbufu wako siku hadi siku mpaka usiwepo kabisa. Mimi najua utamu huo. Sumbua. Omba blanketi la pili hata kama tanuru inaunguruma. Na mtu anayekupenda akikuambia kwamba unaweza kuvumilia kwa sababu yeye ameweza, mwambie akalale kwenye kitanda chako kwanza.

Na wakikuomba uwe mdomo wa mtu mzima, maana itakuja siku hiyo, kubali ukipenda, lakini ukiogopa sema unaogopa. Mimi nilikuwa nabeba maneno ya kila mtu, na siku niliyotakiwa kutoa la kwangu moja sikuwa nalo.

Usinisamehe haraka. Wewe una tabia hiyo, ya dole gumba. Kasirika kwanza. Tutakasirika pamoja kwa muda.

Mashine imesimama. Nguo zako ni za moto, nimeziweka magotini. Nilipanga kuificha barua hii ndani ya begi lako, chini ya sweta, uikute Brampton, nikiwa mbali na uso wako na wa Mama. Nimeiandika yote nikijua nitaificha. Sasa nimeisoma tena na naona kwamba huo ni uongo mwingine, umekunjwa vizuri tu.

*

Saa mbili na nusu usiku. Naongeza hapa kile nilichofanya, kwa mpangilio.

Nilipanda na nguo zako. Wewe ulikuwa chumbani kwa Mama na katuni. Mama alikuwa jikoni amevaa koti, anajiandaa kwenda kazini. Nilimpa barua. Aliisoma amesimama, kurasa zote, akirudi nyuma mara mbili. Alipofika mwisho alikaa sakafuni kama siku ile ya bili.

Kisha akasema, "Mpigie shangazi yako."

Nikapiga, nikampa simu. Hakuipokea. "Hapana," alisema. "Leo mimi sisemi. Sema wewe."

Sikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi. Nilimwambia Shangazi habari ya swichi, ya ukumbini, ya kuvu, na ya chai siku ya kikao. Akasema, "Na mama yako?" Nikasema Mama hakujua chochote. Akasema, "Mpe simu nimwombe radhi." Mama akatikisa kichwa. Shangazi akasema atakuja kesho kama alivyopanga, kwa sababu ukuta wenye kuvu ni ukuta wenye kuvu, lakini ukuta ukikauka na daktari akikubali atakurudisha yeye mwenyewe, na hilo atalisema kanisani mbele ya yule mzee wa kikao. Nikamwambia aksanti.

Nilishuka kwa Bwana Desmond. Mama alikuja nyuma yangu, amechelewa kazini, akasimama kando. Nilimweleza kwa Kiingereza kila alichosema Mama ukumbini na kila nilichobadilisha. Kisha nikamgeukia Mama nikamrudia kwa Kiswahili maneno ya yule mzee ya siku ile, yote, hata ile pole. Mama alimpa mkono. Bwana Desmond alichukua kalamu akapanda nasi, akatazama ukuta, akachana plastiki upande mmoja wa dirisha akaweka kiganja, akaandika ukurasa mzima. Nimeweka sahihi yangu chini.

Mama amekwenda kazini. Hajasema amenisamehe, na sikumuuliza. Mlangoni alisema, "Kitanda cha mtoto kitoe pale." Nimekivuta mpaka katikati ya chumba, na wewe umelala juu yake sasa, mdomo wazi.

Nilifungua sanduku la umeme nikairudisha swichi. Hita imenuka vumbi linaloungua kwa dakika chache, halafu imeacha. Barua hii naiweka juu ya viatu vyako, mlangoni, ambapo utaikuta asubuhi kabla ya kanisa, na mimi nikiwa hapa hapa chumbani.